Mlango wa Gereji Ukigoma Relini, Shika Chaki Kabla ya Nyundo

Gereji nyingi za nyumba za zamani huku Tanga zimefungwa milango ya chuma ya kusukuma pembeni. Chini kuna magurudumu mawili yenye mfereji wa umbo la V, yakitembea juu ya reli ya chuma cha engo, kile cha umbo la L, kilicholazwa mgongo juu na kuzikwa kwenye zege. Juu kuna rola mbili zinazoushika mlango usilale. Basi, hakuna zaidi. Sehemu zinazozunguka hazifiki hata kumi.

Pamoja na urahisi huo, mlango ukianza kusumbua hutibiwa kwa kubahatisha. Kwanza unamiminiwa oili chafu. Isiposaidia, yananunuliwa magurudumu mapya. Yasiposaidia, anaitwa fundi wa kuchomelea, naye anapiga nyundo reli mpaka zege linapasuka. Nilipita njia hiyohiyo. Nilinunua magurudumu mawili, nikayafunga, na mlango ukabaki mzito kama jana. Nikiwa nimeinama nagonga, akafika jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya kutunza njia ya reli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Iache nyundo kwanza. Una chaki?"

Alichonionyesha asubuhi ile ndicho ninachokitumia mpaka leo, na ndicho ninachotaka kukiandika hapa. Mlango wenyewe hukwambia unaumwa wapi, ukiupa nafasi ya kuacha alama. Na mara nyingi ugonjwa uko kwenye reli, si kwenye gurudumu tunalokimbilia kulibadilisha kwa sababu tu linauzwa dukani.

Kabla ya yote: uzito

Piga hesabu ya mlango wako. Mlango wa mita 2.4 kwa 2.1 wenye bati la milimita 1.5 una bati la kilo kama 59, kwa kuwa mita moja ya mraba ya bati hilo ni karibu kilo 11.8. Ongeza fremu ya pipu za mraba za milimita 40, unene milimita 2, jumla yake mita kama 17, nayo ni karibu kilo 40. Jumla ni kama kilo 100, yaani mifuko miwili ya saruji iliyosimama wima, na juu imeshikwa na rola mbili tu.

Kwa hiyo usiinue mlango wala usilegeze rola za juu kabla hujaufunga kamba sehemu mbili, kwenye nondo za dirisha au kwenye nguzo imara, na mtu mzima mwingine akiwa ameushika. Watoto waondoke kabisa. Kuinua tumia jeki ya chupa au mtaimbo, kisha weka kipande cha mbao ngumu chini ya fremu papo hapo. Sentimita 2 zinatosha kulitoa gurudumu juu ya reli, huna sababu ya kwenda zaidi. Vidole visipite chini ya fremu inayoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde moja.

Jaribio la chaki

Fagia reli mwanzo hadi mwisho, halafu pitisha brashi ya waya pande zote mbili za mgongo wake. Sukuma mlango polepole, kwa mkono mmoja ukiweza. Kila unapokwama, kudunda au kulia, chora mstari sakafuni usawa wa ukingo wa mbele wa mlango. Rudisha mlango, ukichora tena kwa rangi nyingine ya chaki. Fanya hivyo mara tatu. Sasa simama uzisome alama.

Alama zikirundikana mahali pamoja kila safari, kosa ni la reli. Angalia pia kama yako marundo mawili. Pima umbali kati yake, kisha pima umbali kati ya magurudumu yako mawili. Vipimo vikilingana, usidhani reli ina majeraha mawili. Ni jeraha moja, gurudumu la mbele limelipita na la nyuma likalipita baadaye. Hapa watu wengi huvunja zege mahali pasipo na ugonjwa.

Alama zikijipanga kwa hatua sawa, kama vile mtu ametembea, kosa ni la gurudumu. Gurudumu la milimita 80 halikanyagi reli kwa ukingo wake wa nje, linakanyaga ndani ya mfereji ambako kipenyo ni kama milimita 70, kwa hiyo mzunguko mmoja ni karibu sentimita 22. Ukikuta alama kila sentimita 22 au karibu na hapo, gurudumu lina kidonda sehemu moja, au beringi yake ina golori iliyovunjika.

Kama hakuna alama, mlango ni mzito kila mahali, tatizo liko kwenye beringi, kwenye rola za juu, au magurudumu hayatazami upande mmoja. Na alama zikihama kila siku, asubuhi hapa na mchana pale, basi ni mchanga au ni jua. Nitalieleza jua mbele, kwa sababu ndilo linalodharauliwa kuliko yote.

Mzito mwanzo hadi mwisho

Ukiwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoana wanayopimia samaki, ifunge kwenye mshikio wa mlango uvute taratibu. Mlango wa kilo 100 wenye beringi nzima na reli safi huvutwa kwa kilo chache tu. Mimi nikiona mshale unapita kilo 6 au 7 mlango ukiwa tayari unatembea, najua kuna kitu kinashika. Andika namba hiyo. Itakusaidia kujua kama kila unachorekebisha kinaleta nafuu kweli.

Anza juu, maana ndiko rahisi. Chukua kipande cha boksi kilichokunjwa, ukipitishe kati ya rola ya juu na mlango, upande wa ndani na wa nje, mlango ukiwa sehemu mbalimbali za safari yake. Inatakiwa nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande. Boksi likibanwa katikati ya safari na kulegea mwishoni, fremu ya juu imepinda. Likibanwa kote, legeza rola kidogo, kamba zikiwa zimefungwa.

Kisha nenda chini. Inua upande mmoja, zungusha gurudumu kwa kidole. Gurudumu zima huzunguka kimya na kuendelea kidogo ukiliacha. Likikwaruza kama lina mchanga tumboni, beringi imekufa. Litikise pembeni pia, na likicheza, beringi au mhimili wake umelika.

Kubadilisha beringi ni nafuu kuliko kubadilisha gurudumu zima, ikiwa gurudumu lako ni la aina inayofunguka. Namba imechongwa pembeni mwa beringi yenyewe. 6202 ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 35 na unene 11. 6203 ni 17, 40 na 12. 6204 ni 20, 47 na 14. Namba hizo ni zilezile popote beringi ilipotengenezwa, hivyo huna haja ya kutafuta "beringi ya geti". Ila herufi za mwisho zina maana. ZZ ni kifuniko cha bati, 2RS ni kifuniko cha mpira. Huku pwani, kwa mchanga wetu na hewa ya chumvi, chukua 2RS hata kama muuzaji anakwambia zote ni sawa.

Unapoiingiza beringi ndani ya gurudumu, gonga pete ya nje tu, ukitumia kipande cha bomba kinachoenea pete hiyo. Ukigonga pete ya ndani, kishindo kinapita kwenye golori na kutoboa vishimo kwenye njia zake, na beringi mpya inaanza kulia siku ileile. Nimewaona mafundi wazuri sana wa kuchomelea wakifanya kosa hili.

Sasa kuhusu grisi. Grisi na oili zina mahali pake, nako ni kwenye mhimili na kwenye beringi isiyo na kifuniko. Juu ya reli hazitakiwi kabisa. Reli iliyopakwa oili hunasa mchanga, mchanga na oili vinakuwa kama msasa wa maji, na kila safari unasaga mfereji wa gurudumu na mgongo wa reli kwa pamoja. Siku mbili za kwanza mlango utateleza vizuri, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ufagio kila wiki unaishinda oili.

Unakwama palepale kila siku

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nakuomba usiharakishe.

Rudisha mlango kwenye alama yako ya chaki, kisha piga magoti pale gurudumu linapokanyaga reli. Chukua nyundo ndogo, gonga reli taratibu kuanzia nusu mita kabla ya hapo hadi nusu mita baada yake, ukisikiliza. Reli iliyokaa vizuri kwenye zege hutoa mlio mfupi, mzito. Reli iliyoachana na zege hulia kama debe. Chora mwanzo na mwisho wa mlio wa debe. Huo ndio urefu wa ugonjwa.

Tazama pia ni wapi. Ukikuta sehemu mbili za kulia debe zilizoachana kwa mita moja na nusu hivi, simama nyuma ufikirie gari linapopita. Upana kati ya tairi za kushoto na kulia za gari dogo ndio huohuo. Miaka yote gari limekuwa likiikanyaga reli mahali pawili, kidogo kidogo, mpaka chini yake pakawa mvungu. Maji ya masika yanaingia humo, yanakaa. Engo iliyolazwa mgongo juu ni kama paa la nyumba, ndani yake kuna uwazi, na kama fundi wa kwanza hakuujaza udongo wa saruji, uwazi huo ndio tangi la kutu. Kutu nayo inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, kwa hiyo inavimba, inainua reli na kulipasua zege pembeni. Ukiona ufa mrefu unaokwenda sambamba na reli, sababu ni hiyo.

Kama reli imeachana na zege lakini chuma bado ni kinene, toboa matundu ya milimita 10 pembeni mwa mgongo wa engo, kila sentimita 30, pulizia maji kutoa uchafu, subiri pakauke kiasi, kisha mimina uji wa saruji mpaka utokee tundu la pili. Kazi hii nimeifanya mara nyingi na inadumu.

Kama ukichokoa kwa bisibisi inapenya, au mgongo umelika ukawa bapa upana wa milimita 5 na zaidi, hakuna dawa ila kukata na kubadilisha. Kata kwa grenda, ukizidisha sentimita 15 kila upande kupita mlio wa debe. Ondoa zege bovu kwa tindo mpaka ufikie zege lenye afya. Tafuta engo ya kipimo kilekile, na upime mwenyewe, kwa sababu engo ya 40 kwa 40 na ile ya inchi moja na nusu hazilingani kabisa na magurudumu hupanda ngazi kwenye kiungo. Ichomelee miguu ya nondo ya milimita 12 kila nusu mita, iingie kwenye zege jipya. Vuta uzi wa fundi kutoka ncha moja ya reli hadi nyingine, na mpira wa maji kwa usawa. Choma nukta kwanza, ukianzia kulia, kisha kushoto, kisha katikati, ili joto lisiikunje engo. Ukishahakikisha uzi unagusa kote, ndipo umalizie, halafu lainisha viungo kwa grenda mpaka ukucha wako upite bila kukwama.

Mchanga wa kujazia usiwe wa ufukweni. Uko karibu na ni wa bure, lakini una chumvi, na chumvi hiyo itaanza kuila reli mpya kabla rangi haijazeeka. Tafuta mchanga wa mtoni, sehemu tatu kwa moja ya saruji, mwagia maji kwa siku 7, na gari lilale nje wiki hiyo. Acha pia vijito viwili vitatu kwenye zege, upana wa kidole, vya kutoa maji kutoka pembeni mwa reli kwenda nje. Bila vijito hivyo utarudi magotini hapohapo.

Neno moja kuhusu kuchomelea. Kibanio cha arithi, yaani cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine, kifungwe jirani kabisa na unapochoma, kwenye reli yenyewe. Kikifungwa kwenye mlango, umeme unapita ndani ya beringi kuifikia reli, unachoma vishimo kwenye golori. Na kama engo imepakwa zinki, saga zinki yote mahali pa kuchoma kwanza. Ule moshi mweupe unaleta homa na baridi kali jioni yake, na maziwa wanayokunywa mafundi hayauzuii. Mlango wa mota, chomoa waya za mota kabla ya kuwasha mashine.

Unadunda kwa hatua sawa

Inua, zungusha gurudumu, tafuta kidonda ndani ya mfereji. Mara nyingi ni bapa lililosagika siku gurudumu lilipokataa kuzunguka likaburutwa. Badilisha, usijaribu kujazia kwa kuchomelea, halitakuwa duara tena.

Hakikisha tu unanunua mfereji unaoendana na reli. Mfereji wa V ni wa engo. Mfereji wa U ni wa reli ya nondo laini ya duara. Gurudumu la U juu ya engo linasimama kwenye ncha ya mgongo peke yake, bila kushikwa pembeni, na siku moja litaruka. Gurudumu jipya la V likae kwa mashavu yake mawili, sakafu ya mfereji isiguse ncha ya engo. Paka chaki ndani ya mfereji, pitisha mlango mara moja, uone chaki imefutika wapi.

Unaruka reli

Kabla hujaurudisha, tazama ni gurudumu lipi limetoka na limetokea upande gani. Ukiurudisha haraka kwa sababu unachelewa kazini, umepoteza ushahidi.

Gurudumu likitoka mahali pamoja kila mara, rudi kwenye alama za reli. Kuna kipande kilichokunjwa au kiungo kilichopanda ngazi. Likitoka mahali popote lakini upande uleule, angalia mashavu ya mfereji. Shavu moja likiwa linang'aa na jingine lina kutu, gurudumu halitazami mbele sawasawa, linatembea mshazari likiegemea upande mmoja muda wote. Sababu huwa kasha la gurudumu lililokunjwa, au fremu nzima iliyojipinda.

Fremu pima kwa futi ya mkanda, pembe hadi pembe, mishazari yote miwili. Vipimo hivyo viwili vilingane. Tofauti ikizidi milimita 5 kwa mlango wa ukubwa niliotaja, mlango umekwenda upande. Ulaze chini, tandika mbao, uvute mshazari mrefu kwa mnyororo na winchi ndogo mpaka vilingane, na hapo ndipo uchomelee pipu ya mshazari ya kuushika. Kuchomelea kabla ya kuvuta ni kuufunga upinde ndani milele.

Halafu kuna vikomo. Milango mingi ya zamani imepoteza kikomo kimoja, kile cha upande wa kufungulia, kwa kuwa kiling'olewa siku reli ilipoongezwa au gari lilipokigonga. Mlango usio na kikomo utatoka mwisho wa reli, utaziacha rola za juu, na utamlalia aliyekuwa anausukuma. Ukisoma makala hii yote na ukafanya jambo moja tu, chomelea vikomo viwili leo, vya chuma kinene, vinavyogonga fremu na si gurudumu, kisha sukuma mlango kwa nguvu kuvijaribu.

Unaondoka wenyewe

Reli haiko sawa. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha kuuvuta mlango wa kilo 100 kwa nguvu ya kilo moja, na ukiwa umebadilisha beringi karibuni nguvu hiyo inaweza kuuondoa. Watu hushangaa, wanasema mlango ulikuwa haufanyi hivyo kabla ya matengenezo. Ulikuwa unafanya, ila beringi mbovu zilikuwa ndizo breki.

Pima kwa mpira wa maji. Tofauti ndogo, weka kabari ya mbao yenye kamba na komeo la kila upande. Tofauti kubwa, reli ilazwe upya. Usiuache kwa kuona ni raha mlango kujifunga wenyewe, kwani mlango huo haujui kama kuna mkono wa mtoto njiani.

Mchana mgumu, usiku laini

Chuma kikipata joto kinarefuka. Reli ya mita 6, ambao ndio urefu wa engo zinavyouzwa, ikipanda joto nyuzi 30 inaongezeka zaidi kidogo ya milimita 2. Ni kidogo, lakini ikiwa ncha zote mbili zimebanwa na ukuta au zege, na katikati reli imeachana na sakafu, ziada hiyo haina pa kwenda isipokuwa juu au pembeni. Milimita 2 zilizobanwa hivyo zinaweza kuinua katikati kwa sentimita kadhaa. Jioni inalala tena, na fundi uliyemwita baada ya kazi anakuta reli nzima, anakuona wewe ndiye una matatizo.

Yule mzee alilijua hili mara moja. Hapa Tanga ndipo ilipoanza kujengwa Reli ya Usambara mwaka 1893, na watu wa njia ya reli wameishi na nafasi za viungo maisha yao yote. Wanaziacha kwa makusudi. Dawa ya mlango ni ileile. Tafuta kiungo, au kata kimoja, uache uwazi wa milimita 3, ukate kwa mshazari badala ya moja kwa moja ili gurudumu liwe limekwishashika upande wa pili kabla halijauacha wa kwanza. Kisha jaza saruji chini kama nilivyoeleza, ili reli isiwe na pa kuruka. Pima saa saba mchana, jua likiwa kichwani.

Mlango unaoning'inia

Gereji chache na maghala ya zamani yana reli juu, ya umbo la kisanduku, na mlango umening'inizwa kwa vitoroli viwili. Mlango wa namna hii ukikwaruza sakafu kona moja, bolti ya kitoroli cha upande huo imelegea au magurudumu yake yamelika. Jeki chini ya kona, legeza nati ya kukazia, zungusha bolti. Bolti ya M12 inainua milimita 1.75 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo hesabu mizunguko, usikisie.

Kuwa mwangalifu na nyumba za enzi za Mwingereza. Bolti nyingi mle ni za nusu inchi, uzi 12 kwa inchi, zikiinua kama milimita 2.1 kwa mzunguko. Nati ya nusu inchi ikiwekwa kwenye bolti ya M12 inaingia ikiwa imelegea na uzi haukamatani, na hiyo ndiyo nati inayobeba mlango. Bolti na nati zinunuliwe pamoja, zijaribiwe dukani.

Mlango ukipigapiga ukuta wakati wa upepo wa kusi, kiongozi cha chini kimepotea. Ni kipande cha engo sakafuni kinachoingia kwenye mfereji wa chini ya mlango. Kirudishe kabla mlango haujapinda vitoroli.

Komeo halifiki tunduni

Hili liwe la mwisho, baada ya yote. Magurudumu mapya yameinua mlango, reli iliyojazwa imekaa upya, na komeo lililozoea tundu lake kwa miaka sasa linagonga ukuta wa tundu. Usilipige.

Paka chaki kwenye ncha ya komeo, funga mlango taratibu, sukuma komeo liguse, fungua. Kwenye bamba la tundu utaona alama nyeupe inayoonyesha komeo linagonga wapi, juu au chini, na kwa kiasi gani. Tofauti ya milimita 2 au 3, panua tundu kwa tupa upande huo. Ikizidi hapo, fungua bamba, lisogeze, toboa matundu mapya ya skrubu, na yale ya zamani yajaze ili maji yasiingie. Paka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mahali tupa ilipopita. Rudia chaki mara moja zaidi, na safari hii alama nyeupe isionekane popote kwenye bamba.